Nililipia kisiwa, nikarudishwa na upepo

Mpenzi msomaji, wiki iliyopita niliahidi kwenye ukurasa huu huu kwamba leo nitakuletea habari za kisiwa cha Maziwe, kile kisiwa cha mchanga kilichoko baharini mbele ya Pangani, mkoani Tanga. Niliahidi na picha. Leo picha hakuna, na kisiwa chenyewe sikukikanyaga. Nilikiona kwa mbali, kama mtu mwenye njaa anavyoiona sahani ya pilau ikipita kwenda meza ya jirani, halafu nikarudi. Lakini subiri kwanza, usikimbilie ukurasa wa nyota. Nilichorudi nacho mwenzenu ni kikubwa kuliko picha.

Mambo yalianza na simu ya rafiki yangu mmoja. Alikwenda Maziwe mwezi wa tisa, akanirushia picha: mchanga mweupe kama unga wa sembe, maji ya rangi mbili tatu, na yeye katikati amefunga khanga kiunoni, anacheka meno yote nje. Bahari nyuma yake imelala kama mtoto aliyeshiba. Nikasema hapo hapo, mimi naye nani zaidi? Nikamwambia mhariri nina makala. Sisi tunaoandika bila ajira tunalipwa kwa makala iliyotoka, haiwi makala iliyo kichwani, kwa hiyo nikisema ninayo, lazima niwe nayo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Rafiki yangu alikwenda mwezi wa tisa, wakati kusi limeshachoka na bahari imetulia, msimu ambao watu wa pwani wanauita demani. Mimi nikapanga Novemba. Darasani tulifundishwa pepo za msimu, kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi, kusi katikati ya mwaka, na mtihani nikaandika vizuri tu. Ambacho sikukumbuka ni kwamba katikati ya pepo hizo mbili kuna kipindi ambacho hakina mwenyewe. Wazee wanakiita tangambili. Upepo unaweza kutoka huku asubuhi, mchana ukatoka kule, na katikati yake usitoke popote. Changanya na mvua za vuli, ndipo utajua kwa nini jina lenyewe lina matanga mawili.

Safari haikuwa yangu peke yangu. Kaka yangu amechumbia, na huyu wifi yangu mtarajiwa ni mtu wa bara, kakulia Dodoma, bahari kaijulia ukubwani tena ya Koko Beach. Kaka akaona hiyo ndiyo nafasi ya kumtembeza. Tatizo likabaki mama. Mama yangu hapendi chombo chochote kinachoelea. Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander I ikielekea Pemba, mimi nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka alivyokaa mbele ya redio siku nzima bila kupika. Mwaka uliofuata, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe katika upepo mkali, na kuanzia hapo ikawa sheria ya nyumba: watoto wangu mkitaka Unguja, mtaiona kwenye televisheni. Na kaka ndiye mwanawe wa kiume wa pekee, tena hajui kuogelea hata kwenye beseni.

Basi nikamwambia mama tunakwenda Pangani kuangalia majumba ya kale. Uongo mtupu haukuwa, maana majumba yapo. Lakini ndugu zangu, ukweli uliokatwa nusu nao ni uongo tu.

Jumamosi alfajiri tukapanda basi Dar es Salaam, tukapita Chalinze, Segera, Muheza, mchana tukawa Tanga mjini. Kutoka Tanga mpaka Pangani ni kama kilomita hamsini kuelekea kusini, minazi upande huu, mkonge upande ule. Huo mkonge una hadithi yake, na sikujua kama ingekuja kunirudia kichwani kesho yake. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Mashamba makubwa ya mkonge ya nchi hii yalitokana na miche hiyo 62. Ile mingine 938 ilifia njiani.

Pangani ni mji mdogo wenye umri mkubwa. Mto unatoka huko juu kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita Bwawa la Nyumba ya Mungu, unakuja kumalizikia hapa mlangoni mwa mji. Ndipo alipoanzia Abushiri bin Salim vita vyake dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na hapa hapa wakamnyonga Desemba 1889. Tukaangalia majumba kama nilivyomwambia mama: milango ya nakshi, kuta nene zimeanza kumomonyoka, baraza za mawe zenye wazee na kahawa. Wifi alifurahi. Nikajiona nimeshalipa deni la ule uongo.

Jioni tukaenda ufukweni kutafuta chombo. Tukaelekezwa kwa mzee mmoja mwenye mashua ya tanga. Nilimkuta anashona tanga kwa sindano kubwa kama msumari, miwani imefungwa na uzi.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba, binti yangu. Mnataka Maziwe?”

Alijuaje? Alisema watu wa Dar wakija pale wanataka vitu viwili tu, pweza au Maziwe, na pweza hawauzwi kwake. Tukacheka, tukapatana bei, sitaitaja maana kaka bado ananidai nusu. Halafu yule mzee akaacha kucheka akatupa masharti. Tuondoke saa kumi na mbili kamili. Saa hiyo upepo wa nchi kavu, umande, unakuwa bado unavuma kwenda baharini na maji yanakuwa yanatoka, chombo kinateremka chenyewe. Tufike saa mbili na kitu, tukae mpaka maji yatakapoanza kujaa, turudi kabla jua halijawa kali.

“Maziwe si kisiwa cha kuchelewa,” alisema. “Zamani kilikuwa na mivinje, kasa wakija kutaga chini ya miti. Sasa hakuna mti hata mmoja. Maji yakipwa unakiona. Bamvua likijaa, hukioni.”

Nikaja kuelewa baadaye kwamba alikuwa ananipa somo zima kwa maneno machache. Maziwe ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na wakati huo ilikuwa na miti. Mchanga ukaliwa na bahari, miti ikaanguka, na kufikia miaka ya 1980 kilichobaki ni fungu la mchanga. Pwani yetu hii tofauti ya maji kupwa na kujaa wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, inazidi mita tatu. Kisiwa cha mchanga mtupu kitajificha wapi? Hata mayai ya kasa wanaotaga pale watu huyachukua na kuyafukia upya nchi kavu, upande wa Ushongo, la sivyo yanazama kabla hayajaanguliwa. Na Jumapili ile mwezi ulikuwa mpevu.

Sasa nisikilizeni nilivyoharibu. Usiku umeme ulikatika nyumba ya wageni tuliyolala. Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia nne. Saa kumi na moja alfajiri kaka akagonga mlango, nikamwambia tusubiri kidogo. Saa kumi na mbili umeme ukarudi. Nikachomeka simu, nikasema nusu saa tu, maana makala bila picha mhariri haitaki. Nusu saa ikazaa nusu saa. Wifi akasema kwa sauti ndogo, “Wifi, yule babu alisema saa kumi na mbili.” Nikamjibu kijeuri, “Babu anasubiri, tumemlipa.” Na kwenye simu hiyo hiyo nilikuwa nimeshaona taarifa ya hali ya hewa ya siku ile, vipindi vya mvua na ngurumo ukanda wa Tanga. Nikatoka nje, nikaangalia mbingu, nikaona jua. Nikasema hawa nao.

Tuliondoka saa mbili na nusu.

Mzee hakugomba. Aliangalia jua, akaangalia maji, akanung'unika jambo na baharia wake, mtu mzima mwenye mikono kama magogo. Mtu wa tatu chomboni alikuwa mjukuu wake, kijana wa miaka kama kumi na saba hivi, mcheshi, kavaa jezi ya timu ya Msimbazi. Mzee alitaka kutuambia tuahirishe. Nikamwahi. Nikatoa noti tatu za elfu kumi juu ya yale tuliyopatana, nikamwambia, “Babu, kesho kaka anaingia kazini. Ni leo tu.” Hakuzipokea. Alisema, “Weka, binti yangu. Tutakwenda tuone. Lakini nikisema turudi, tunarudi.” Nikaitikia upesi upesi, kama mtu anavyoitikia kiapo asichokusudia kukitimiza.

Tukagawiwa majaketi ya kujiokolea. Kaka na wifi wakavaa. Mimi nililiona linaharibu nguo niliyoivalia picha, nikalikalia.

Kutoka mtoni kulikuwa raha. Maji yalikuwa yanatoka, mto nao unasukuma, wakatweka tanga, likajaa pole pole. Wifi akawa anapiga vigelegele. Yule kijana akatuonyesha vitu: huku mbele ni omo, huko nyuma aliko babu ni tezi, mti huu uliolala juu uliobeba tanga ni foromali, kamba hii ya kuzuia tanga ni demani. Kamba zote nailoni. Nikamuuliza mbona Pangani kwenye mkonge mnatumia nailoni? Akacheka, “Dada, mkonge unapanda meli kwenda Ulaya, sisi tunabaki na hizi.”

Kama saa moja baadaye umande ukafa. Hakuna aliyeniambia, nilisikia mwenyewe. Tanga likalegea, likaning'inia kama shuka kwenye kamba. Bahari ikawa kioo. Jua likaanza kuchoma, mashua ikawa inayumba pale pale, huku na huku, na tumbo langu nalo huku na huku. Wifi wa Dodoma, mtu wa bara, yuko mzima anakula karanga. Mimi mtoto wa pwani nimeinamia ubavuni nawapa samaki chai yangu ya asubuhi. Kaka alicheka mpaka akajishika mbavu. We acha tu.

Tungeondoka saa kumi na mbili, wakati ule tungekuwa tumeshafika kisiwani tunajipiga picha.

Halafu upepo ukaja, lakini ukaja kutoka upande mwingine. Ulianza kidogo, wa kaskazini mashariki, tanga likajaa, mashua ikaanza kukata maji vizuri. Nikapona papo hapo. Na ndipo nilipokiona. Mbele yetu, chini kabisa ya mbingu, mstari mweupe mwembamba, kama mtu amechora na chaki. Maziwe! Nikatoa simu. Ilikuwa mbali, kwenye kioo inaonekana kama unywele. Nikasema haidhuru, nitaipiga tukikaribia.

Mzee hakuwa anaangalia kisiwa. Alikuwa kageuza shingo, anaangalia nyuma ya bega lake la kushoto. Nami nikageuka. Huko kaskazini mashariki wingu lilikuwa limesimama, jeusi chini, jeupe juu kama povu la maziwa. Chini yake bahari ilikuwa imebadilika rangi, si buluu tena, ni nyeusi, na weusi ule ulikuwa unatembea.

“Tunarudi,” alisema mzee. “Siwezi kuingia mlango wa mto saa hii. Tunakwenda Ushongo.”

Mpenzi msomaji, naomba nikiri mbele yako. Nilibisha. Mbele yangu kisiwa nakiona, nyuma yangu wingu bado liko mbali, na kichwani mhariri ananiuliza picha ziko wapi. Nikasema, “Babu, si pale tu? Tufike hata dakika kumi. Mimi nimelipia kisiwa.”

Akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile kama mtu anayeniona.

“Umelipia safari, binti yangu. Kisiwa ni cha Mungu.” Halafu akaongeza, pole pole, “Na kisiwa chenyewe hakina pa kujificha. Hatukai pale na maji yanajaa.”

Nikajaribu tena. Kaka akanikatiza, “Nyamaza we!” Kaka yangu hajawahi kuniambia hivyo tangu tuzaliwe.

Kugeuza mashua ya tanga si kama kugeuza bodaboda. Upepo ukiwa unatoka upande huu na wewe unataka kugeuka uupe mgongo, lile foromali na tanga lake zima lazima vihamishwe upande wa pili wa mlingoti, na hapo katikati chombo hakina nguvu, kiko kama mtu anayevaa suruali amesimama mguu mmoja. Mzee akatoa amri, baharia akawa kwenye jarari, yaani kamba inayopandisha na kushusha tanga, kijana akakimbilia mbele na demani mkononi. Na wakati huo huo, wakati ule ule, upepo wa kwanza wa lile wingu ukatufikia.

Haukuja kidogo kidogo. Ulikuja kama mtu kasukuma mlango. Tanga likapiga mshindo, mashua ikalala ubavu, maji yakaingia juu ya mbao. Ile kamba ikamvuta yule kijana. Niliona jezi nyekundu inaruka juu ya ubavu wa mashua, miguu juu. Hakupiga hata kelele. Aliyekuwa karibu naye ni kaka. Kaka asiyejua kuogelea alijitupa akamdaka mkanda wa kaptura, wakabaki wananing'inia wote wawili, nusu ndani nusu nje, na wifi kamshika kaka miguu, analia jina la mama yake.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jaketi langu, simu mkononi.

Sijui ni sekunde ngapi. Nilichokiona si bahari. Nilimwona mama mbele ya redio.

Baharia aliachia jarari, foromali likashuka kwa kishindo, tanga likaanguka, na mashua ikainuka taratibu. Wakamvuta kijana ndani. Kiganja chake kilikuwa kimechunika na ile nailoni, damu inatoka. Mzee hakuacha usukani hata kidogo, lakini midomo yake ilikuwa inacheza, na nadhani alikuwa anasoma dua. Kisha mvua ikatufunika. Mvua ya baharini hainyeshi kutoka juu, inakuja ubavuni, matone yanachoma kama mchele unaorushwa. Kisiwa kikafutika. Pwani ikafutika. Ilibaki mashua na maji.

“Vaa jaketi! Fua maji!” Mzee alinipigia kelele, na hakuniita binti yangu.

Nikavaa kwa mikono inayotetemeka. Nikapewa dumu la mafuta lililokatwa juu, nikashuka ngamani, kule chini kabisa maji yanakokusanyika, nikawa nafua. Wakatweka tanga nusu tu, foromali chini, upepo ukatusukuma mgongoni. Kila wimbi lilikuja nyuma, likainua tezi, ninaona omo linaelekea chini kama linataka kupiga mbizi, halafu linapita chini yetu. Nafua, linaingia jingine. Nafua tena. Wifi akashuka, akachukua sufuria ya wali wetu wa mchana, akaumwaga wali baharini bila kuuliza mtu, akafua nami. Hatukuzungumza. Nilianza kuhesabu madumu, nilipofika mia mbili nikapoteza hesabu.

Nilikuja kumuuliza mzee baadaye kwa nini hakurudi Pangani, mbona ndiko tulikotoka. Akanichorea mchangani kwa kidole. Maji yakiwa yametoka, mlango wa mto unakuwa na kina kidogo, na mto bado unasukuma kwenda nje. Upepo wa baharini unasukuma mawimbi kuja ndani. Vinakutana hapo kama mafahali wawili, mawimbi yanasimama wima na kuvunjika. Mashua ikiingia katikati inageuzwa kama chapati. Kwa hiyo njia ile ile iliyotutoa kwa raha asubuhi ndiyo ingetuua mchana. Kutoka Maziwe mpaka pwani ya Ushongo ni kama kilomita nane, upepo uko nyuma, na ufukwe ni mchanga. “Nyumbani si kule ulikotoka,” alisema. “Nyumbani ni kule unakoweza kufika.”

Mvua ilipita kama ilivyokuja. Tukaona minazi. Mzee alikuwa akihesabu mawimbi, akaliacha moja likapita, akaliacha la pili, la tatu akalipanda mgongoni, likatubeba mpaka mchangani. Watu wa Ushongo walikuwa wameshatuona, wakaingia majini mpaka kifuani, wakashika mbao, wakaimba wakivuta. Sikuwajua wala hawakunijua. Mtu mmoja akanibeba kama gunia la nazi akanitua mchangani, akaniambia, “Pole dada,” akarudi kuvuta.

Dakika ishirini baadaye jua lilikuwa linawaka, bahari inang'aa, mtu akipita angesema sisi ni waongo. Hiyo ndiyo tangambili.

Simu yangu ilikuwa imekunywa maji, haikuwaka tena mpaka leo. Zile noti tatu nilizikuta mfukoni zimeshikana kama kitumbua. Nikazianika juu ya jiwe, nikaweka kokoto juu. Kaka alikaa pembeni kamshika wifi mkono, hasemi kitu. Nikaenda kwa yule kijana. Mama mmoja alikuwa anamwosha kiganja kwa maji ya moto. Nikamwambia, “Mdogo wangu, nisamehe. Ni mimi niliyechelewesha.” Akasema, “Aa dada, bahari hiyo,” akatabasamu. Ingekuwa nafuu kama angenitukana.

Kwa mzee ilikuwa vigumu zaidi. Nilikaa karibu naye nikakosa pa kuanzia. Akaanza yeye, akaniuliza kama nimechoka kufua maji. Nikasema mgongo hauko wangu tena. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana, akasema, “Tezi na omo, marejeo ni ngamani.” Unaweza kukaa nyuma kama bwana, unaweza kusimama mbele kama shujaa, mwishowe wote mnarudi chini kwenye maji machafu kufua. Halafu akaniambia ameshageuza chombo mara nyingi, na kila mara abiria wanamwona mwoga. Hao aliowarudisha hawakuwahi kumshukuru, maana hawakukiona kile alichowaepusha. “Wewe leo umekiona,” alisema. “Ndiyo tofauti yako.”

Nimeliwaza neno hilo wiki nzima. Sisi tunawasifu wanaofika. Aliyefika tunampa kigoda, tunamwomba picha. Aliyegeuka njiani tunamwambia kashindwa. Kumbe kuna mahali kugeuka ndiyo ujuzi wenyewe, na anayeujua hana cha kuonyesha isipokuwa watu wazima wasio na hitilafu wamekaa mchangani wanalalamika.

Noti zilipokauka nilinunua chai, mihogo na samaki wa kukaanga kwa wote waliotuvuta. Zilikwisha, na nadhani sijawahi kutumia fedha vizuri kuliko hapo. Mzee na watu wake walibaki na mashua kusubiri upepo wa kesho. Sisi tukapanda bodaboda, tukavuka mto Pangani, usiku tukawa ndani ya gari kuelekea Dar. Kaka aliingia kazini Jumatatu macho mekundu. Wifi, nilidhani atamwacha kaka kwa ajili ya familia yake ya wendawazimu, kumbe kasema harusi iko pale pale. Anasema alipomwona kaka anajitupa kumdaka mtoto wa watu na hali hajui kuogelea, alijua amepata mume.

Mhariri aliponiuliza, “Kisiwa kiko wapi?” nilimjibu kipo, mimi ndiye sikufika.

Nawe msomaji, ukitaka kwenda, nenda. Ni pazuri, nimepaona kwa macho. Lakini nenda msimu wa utulivu, sikiliza utabiri, vaa jaketi badala ya kulikalia, na nahodha akisema saa kumi na mbili, ni saa kumi na mbili. Akisema turudi, funga mdomo.

Na mama, najua gazeti hili unalisoma kwa yule jirani mwenye duka. Yale majumba ya kale tuliyaona kweli. Mengine ndiyo haya. Jumapili nakuja mwenyewe nyumbani kusemwa, na kaka nitamleta.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.